Bwana Likwata na Uvimbe Uliofungwa Katani

Tarehe 30 Juni 1958 Bwana Abilahi Likwata, Msaidizi Mkuu wa Kituo cha Mifugo, Mitwero, atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho, na kurudi nyumbani kwao Mtama akiwa ameitumikia Idara hii kwa miaka thelathini na mmoja. Msumari wenyewe aliupigilia kwa mkono wake siku kituo kilipofunguliwa, na mpaka leo hakuna mwingine aliyethubutu kutundika hata kofia hapo.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, niliye mdogo kuliko watumishi wote, kwa sababu masista walinisomesha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na baadhi ya sifa za Bwana Likwata zimeandikwa kwa Kiingereza tu. Hiyo ndiyo sababu iliyotolewa kikaoni. Sababu ya pili aliitoa Bwana Ignasi, mtunza mazizi, bila kuulizwa: "Mpeni Veronika. Hasemi, lakini anasikia." Nakiri kwamba ni kweli. Mimi naosha chupa na vioo vya hadubini, na mwosha vioo husahauliwa kuwa yumo chumbani, kwa hiyo nimesikia mengi. Nakiri pia kwamba siku ya sherehe sitausoma mwenyewe, maana sauti yangu hunikimbia mbele ya watu. Atausoma Bwana Ignasi. Mkifika mahali mkasikia mtunza mazizi anasifiwa kupita kiasi, jueni hapo sikuandika mimi.

Bwana Likwata alizaliwa karibu na Mtama, katika nyumba ya wakulima wa Kimwera waliolima mihogo na mbaazi. Mwaka 1927 aliajiriwa kuwa mchukuzi wa sanduku la chanjo. Sanduku lilikuwa zito na chanjo haivumilii jua, kwa hiyo kilichotakiwa kwake ni miguu tu. Lakini kila mganga wa mifugo aliyetembea naye alikuta kijana huyu anatazama sindano inavyoshikwa, na haukupita muda akawa anaishika yeye. Baadaye akawekwa mkaguzi wa nyama katika machinjio ya Lindi, na huko ndiko jina lake lilipoanza kuvuma.

Hakuna aliyefanya kazi na Bwana Likwata akatoka akisema ni mtu mnyenyekevu. Kaptura yake ina mkunjo wa pasi ambao, kwa maneno yake mwenyewe, unaweza kukata papai. Akimchoma mbuzi sindano humtajia jina lake kamili, ili mbuzi ajue amehudumiwa na nani. Pale machinjioni, siku moja kabla ya Idi, mchinjaji mmoja alimbembeleza apitishe ini lenye vidonda, akisema lote ni zima ila pembeni tu. Bwana Likwata alilitazama ini, akamtazama na mwenye ini, akamwambia, "Kama umelipenda hivyo lioe. Lakini kuliuza huliuzi." Kila anapokutana na mchinjaji yule sokoni, Bwana Likwata bado humwuliza harusi ni lini.

Habari za safari yake ya Songo Songo angependa zisiandikwe. Alitumwa kukagua mbuzi wa kisiwani, na kabla ya kupanda chombo aliwahutubia mabaharia juu ya namna ya kustahimili mawimbi. Kisiwani alifika amelala chali, amekumbatia ndoo. Wenyeji walimpokea kwa ukarimu mkubwa, wakambatiza Bwana Ndoo, na jina hilo likavuka maji likafika Lindi kabla yake. Yeye hakukubali hata siku moja kwamba aliugua. "Bahari ndiyo iliyokuwa inaumwa," husema. "Mimi nilikuwa naiuguza."

Nimeanza na vichekesho hivi kwa makusudi, ili msomaji amjue mtu anayejisifu kwa kila jambo alilofanya na kwa mengine ambayo hakuyafanya. Maana lipo jambo moja ambalo kwa miaka kumi na saba alikataa kabisa kujisifu kwalo, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Mwaka 1936 alikuwa amehamishiwa Kilwa Kivinje pamoja na Bwana Ignasi. Huko aliishi mjane mmoja, Bi Mwahija binti Salumu, aliyekuwa na punda jike aitwaye Pesambili. Pesambili alibeba chumvi kutoka mashamba ya chumvi hadi madukani mjini, na kwa mgongo wake Bi Mwahija alikula na wajukuu wake wakala. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto wa kiume aliye hai. Alikuwa na punda.

Pesambili akaota uvimbe kifuani, karibu na mguu wa mbele. Ulianza kama ndimu, ukakua hata ukalingana na kidaka cha nazi, ukaning'inia kwa shingo nyembamba. Kila akipiga hatua mguu uliusugua, na punda akaanza kuchechemea. Sheria ya Idara ilijulikana na kila mtu: mnyama wa kazi asiyeponyeka hupigwa risasi. Daktari Hallam, mganga mkuu wa mifugo wa jimbo, alipita Kivinje mara chache kwa mwaka, na bunduki yake ilikuja naye.

Bwana Likwata alimwambia Bi Mwahija asihofu. Kwao Umwerani uvimbe wenye shingo hufungwa uzi, na kila asubuhi uzi hukazwa, mpaka uvimbe ukose chakula ukauke. Akachukua singa za katani kutoka shamba la mkonge, akazichemsha kwa maji ya chumvi, akafunga. Watu walipokuja kutazama aliwafundisha bila kuombwa: "Damu haipiti, hewa haipiti. Sasa hapo kinachoishi ni nini?" Kwa kweli lile donge likawa jeusi, likanuka, na siku moja likaanguka lenyewe mchangani. Bi Mwahija akapika wali wa nazi kwa majirani wote. Bwana Likwata akatoa hotuba ambayo, kwa ushahidi wa Bwana Ignasi, ilikuwa ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Kisha akalitia donge katika chupa ya spiriti, uzi wa katani ukiwa bado shingoni mwake, akaliweka dirishani ili wapita njia walione.

Mvua za masika zilipokwisha, Bi Mwahija alikuja barazani kwake. Aliitikia shikamoo, akakaa, akaulizia habari za nyumbani kwao Mtama mmoja mmoja, kisha akasema, "Mwanangu, yule mgeni wako amerudi. Na safari hii amekuja na nduguye."

Palepale penye kovu palikuwa na madonge mawili, mapana, yasiyo na shingo.

Watu wa Kivinje ni watu wa kustiri. Mtu akiaibika hawamtazami usoni, humletea nguo ya kujifunika. Siku ile kila mmoja alimletea Bwana Likwata yake. Mmoja alisema ni jicho la wenye wivu. Mwingine alisema ule wa kwanza alikwisha uua, huu ni ugonjwa mpya kabisa, nani angeweza kujua? Mwingine akalaumu majani ya mwaka ule. Na Bi Mwahija mwenyewe, aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote, alimshika mkono akamwambia, "Funga tena, mwanangu. Mara hii kaza."

Aliyekataa kumstiri ni mmoja tu. Bwana Ignasi ni Mmakonde, na yeye na Bwana Likwata ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema kile ambacho ndugu atakimeza. Akasimama katikati ya baraza na ufagio wake mkononi, akasema, "Mmwera akifunga mzigo, hata sisimizi hutoka na posho yake! Wewe hukumuua mgeni, bwana. Ulimfungia mlango, naye alikuwa na dirisha." Watu wakacheka, maana utani hauna budi kuchekwa. Bwana Likwata hakucheka. Ameniambia mwenyewe kwamba neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki, kwa sababu aliona papo hapo kwamba ni kweli, na kwamba akikubali zile nguo alizoletewa, atafunga tena, na Pesambili atakufa.

Hakufunga. Alimpelekea Daktari Hallam habari kwa lori, na barabara ilipokauka Daktari akaja, hadubini yake ikiwa ndani ya sanduku, sanduku likiwa juu ya magoti yake tangu Lindi. Wakakata kipande kidogo cha lile donge kubwa, wakakitayarisha kwenye kioo, wakakiinamia kwa zamu.

Kioo kile kipo hapa Mitwero hata leo, nami nimepewa ruhusa kukitazama. Nitasema nilichoona kwa maneno yangu, maana niliyafasiri maneno ya Daktari mara tatu na kila mara yakawa mazito. Uvimbe kama ule umejengwa kwa chembe hai, ndogo kuliko punje ya vumbi, zilizoacha adabu ya mwili na kuzaana ovyo. Chembe zilizo karibu na mshipa wa damu zimenona, zinazaana. Zilizo mbali, ambako damu haifiki, zimekufa, na mahali pao pamebaki kama ugali uliolala. Lakini kati ya zile zilizonona na zile zilizokufa upo mkanda mwembamba, hata unene wa ukucha haufiki, wa chembe zilizosinyaa, zimekaa kimya. Hewa inayozifikia ni kidogo mno. Chakula ni kidogo mno. Ukizitazama kwa haraka utasema nazo ni maiti.

Daktari Hallam aliutazama mkanda ule kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Hawa hawakufa. Wamepunguza kuishi." Alieleza kwamba wataalamu wa Ulaya walikuwa wamegundua kuwa chembe za uvimbe zinaweza kula sukari bila hewa na kuacha uchachu, lakini akakwama, hakulipata neno la kufananisha. Bwana Ignasi, ambaye hapiti mtungi bila kuufunua, akamwuliza, "Kama togwa ndani ya mtungi uliofunikwa?" Daktari akafurahi, akasema ndiyo hasa, kama togwa. Na Bwana Likwata akakumbuka ming'oko, vile viazi vya porini. Kila mtoto wa huku anajua kwamba kiangazi mti wake wa kutambaa hukauka juu ukakatika, na mgeni akipita hatasema chini kuna kitu. Kizizi kipo, kimenyamaza, kinangoja mvua. Uzi wa katani ulikata majani. Chembe zilizokuwa nyuma ya fundo, ndani ya nyama ya kifua, zilipata njaa kali, zikapunguza kuishi, na uzi ulipoanguka zikaita mishipa mipya ya damu, nayo ikaja.

Hapo wengi wangenyamaza, wakachukua kisu na kuanza kazi kimyakimya. Bwana Likwata aliomba watu wakusanyike barazani, walewale waliokula wali. Akasimama. Si hotuba aliyotoa siku ile, ni maneno machache: "Si jicho. Si ugonjwa mpya. Ni uleule. Niliufunga ufe njaa, na huu haufi kwa njaa. Kosa ni langu, msinifunike."

 Bi Mwahija akauliza alichokuwa na haki ya kuuliza: "Na punda wangu?"

Bwana Likwata akamwambia wazi. Liko jambo moja la kufanya, nalo ni kukata, na kukata kwa upana, kupita mpaka wa uvimbe na kuingia kwenye nyama nzima, upana wa kidole kila upande, ili ule mkanda wa wanaongoja usibaki hata kidogo. Mahali penyewe ni pabaya, mshipa mkubwa uko jirani na kano za mguu ziko jirani. Damu ikishindikana kuzuiwa, punda anakufa mchangani. Uvimbe ukiota mara ya tatu, bunduki ya Daktari haitakuwa na la kungoja.

Bi Mwahija alimtazama. "Mara ya kwanza uliniahidi. Mara hii huniahidi?"

"Siahidi, mama."

"Basi kata," akasema. "Mara ya kwanza ulisema sana."

Pesambili alilazwa kwa kamba kwenye mchanga laini nyuma ya kituo, akachomwa dawa ya ganzi. Bwana Ignasi alimkalia shingo, akimtukana taratibu masikioni ili asiwaze mengine. Bwana Likwata alishika kisu, Daktari alishika mishipa ya damu, na maneno yaliyosikika kati yao kwa muda wote ule yalikuwa mawili. Mmoja aliuliza, "Bado?" Mwingine akajibu, "Bado kidogo." Wakakata mpaka shimo likawa la kutisha, hata wajukuu wa Bi Mwahija wakaanza kulia. Kila upande walioutoa waliutazama kwa hadubini palepale, na kila walipoona chembe ya wageni walirudi kukata tena. Mwisho wakaona nyama nzima pande zote. Mguu ulipona polepole, na kaskazi ilipoanza kuvuma Pesambili alikuwa amerudi kwenye chumvi yake.

Kivinje walitaka kupika tena. Bwana Likwata akakataa wali. Wakamwambia angalau aseme neno, akakataa neno. Akiulizwa kama punda amepona, mtu huyu aliyejisifu kwa kuiuguza bahari alijibu, "Bado hajaniambia." Alikuwa amejifunza kwamba kilichonyamaza si lazima kimekufa, na hakutaka kudanganywa na kimya mara ya pili.

Hata alipohamishwa Lindi na baadaye kuletwa hapa Mitwero, hakuna safari ya Kilwa aliyoikosa. Kila akifika kwa Bi Mwahija, kabla ya kubisha hodi, alizunguka nyuma ya nyumba akapitisha mkono kifuani mwa Pesambili. Bibi alilalamika kwa majirani kwamba mwanawe wa Kimwera siku hizi anamwamkia punda kabla yake. Bwana Likwata akamjibu, "Niwie radhi, mama. Punda ndiye anayeniambia kama nitaweza kukutazama usoni."

Vita vya pili vilipokwisha Daktari Hallam alianzisha hapa Mitwero nyumba ya panya weupe, ili lile swali la Kivinje litafutiwe jibu kamili. Uvimbe ulihamishwa kutoka panya mmoja kwenda kwa mwingine. Kipande kilichotolewa katikati, mahali pa ugali uliolala, hakikuota. Kilichotolewa kwenye ule mkanda mwembamba, palipoonekana kama makaburi, kikapandikizwa kwa panya mzima mwenye damu ya kutosha, kiliota, na kwa nguvu. Bwana Likwata ndiye aliyewatunza panya hao na ndiye aliyetenga vipande kwa mkono wake. Daktari alipochapisha matokeo katika jarida la waganga wa mifugo, aliandika mwishoni maneno ambayo nimeombwa niyafasiri: "Kazi hii isingekuwapo bila Bwana A. Likwata, aliyekuwa wa kwanza kati yetu kukubali kwamba amekosea." Bwana Likwata alinitaka nimsomee sentensi hiyo kwa Kiswahili. Nikamsomea. Akanitaka niirudie. Tangu wakati huo nimeirudia mara nyingi, na kila mara hujifanya hakusikia vizuri.

Toka Lindi mpaka Kilwa, na bara mpaka Nachingwea, wasaidizi wa mifugo waliopita mikononi mwake wanajulikana kwa mwenendo mmoja: hawafungi. Ng'ombe mwenye uvimbe wa jicho, mbwa, punda, wote hukatwa mapema na kukatwa penye uzima. Wanyama wangapi wameokoka hatujui, na mwenyewe akiulizwa hutaja hesabu inayoongezeka kila mwaka.

Ile chupa ya Kivinje iko kwenye rafu ya chumba ninachooshea vioo, na uzi wa katani bado uko shingoni mwa lile donge jeusi. Kila mwanafunzi mpya huletwa mbele yake siku ya kwanza, na Bwana Likwata husema, "Hili ndilo kosa langu. Litazame vizuri, ili ukikosea ukosee jingine." Nakiri kwamba mimi nililiogopa. Miezi yangu ya mwanzo, kila jioni kabla ya kutoka, niliigeuza chupa ile ielekee ukutani, na kila asubuhi niliikuta imegeuzwa tena. Nilidhani inageuka yenyewe. Nilikaribia kuacha kazi. Siku moja alipita nyuma yangu akasema, bila kusimama, "Mwache akutazame, mwanangu. Hana meno." Hakuniuliza chochote wala hakumwambia mtu. Nami namshukuru, maana Bwana Ignasi angejua, mngejua nyote.

Mwaka 1953 dereva wa lori alileta habari kwamba Pesambili amekufa. Hakuugua. Alilala kivulini baada ya kazi za asubuhi na hakuamka, punda mzee aliyekuwa amebeba chumvi hata manyoya ya mgongo yakawa meupe. Bwana Likwata aliomba ruhusa siku hiyohiyo. Bwana Ignasi akapanda naye, na anasema kwamba njia nzima mpaka mto Mbwemkuru, na kutoka Mbwemkuru mpaka Kivinje, mtani wake hakusema hata neno moja. Alidhani anaumwa.

Walimkuta Bi Mwahija, mzee sasa, amekaa kwenye kigoda karibu na punda wake, akiwa amekataa mtu yeyote kumzika. "Nilijua utakuja kumwona kwanza yeye," akasema. Bwana Likwata akamwomba idhini ya kumpasua. Bibi akaitikia kwa kichwa. Bwana Likwata akapiga magoti na kisu chake, akafungua ngozi ya kifua penye kovu la zamani, akatazama. Akatazama chini ya kovu, akafuata mishipa, akatazama kwapani, akafungua mapafu, akayashika vipande kwa vipande kwa vidole vyake. Kovu lilikuwa jeupe, safi, gumu kama ngozi ya ngoma. Mahali pote palikuwa pa punda tu.

Akakaa mchangani na mikono yake michafu juu ya magoti. Machozi yalimtoka, na Bwana Ignasi, nasema haya kwa kumsifu kweli, mara ile hakutania.

Bi Mwahija alingoja. Kisha akasema, "Haya, baba. Sema sasa."

"Amepona," akasema Bwana Likwata.

Halafu akasimama, akavuta pumzi, akaanza kujisifu. Alijisifu wakati wa kuzika, akajisifu wakati wa kula, maana safari hii wali aliukubali, akajisifu ndani ya lori, na kwa ushahidi wa mtani wake hakunyamaza mpaka Lindi. Sisi tulio hapa tunaweza kushuhudia kwamba hajanyamaza mpaka leo. Na tunaomba asinyamaze, kwa kuwa yote anayoyasema juu ya punda yule ni kweli.

Kwa niaba ya watumishi wote nashukuru. Tunamshukuru Bi Kazija, mke wake, kwa kutuazima mume muda wote huu na kwa ile pasi. Bwana Likwata aliomba kuondoka na chupa ya Kivinje, lakini Bi Kazija amemjulisha kwamba chupa ikiingia nyumbani yeye atatoka, kwa hiyo chupa inabaki kwenye rafu, uso wake chumbani. Hakuna atakayeigeuza, hata mimi. Bi Mwahija naye, ambaye magoti hayamruhusu tena kusafiri, ameleta kikapu cha chumvi na maagizo kwamba mwanawe asile chakula kisicho na ladha uzeeni. Kuhusu msumari, Bwana Ignasi amekwisha tangaza kwamba kofia yake itakaa pale kuanzia tarehe mosi Julai. Tumempigia kura. Ameshindwa.

Sasa nasema na wewe mwenyewe, Mzee Likwata, jambo ambalo mdomoni lisingetoka. Shikamoo. Nenda Mtama ukale ming'oko yako ukiwa umekaa, ujisifu kwa wajukuu mpaka walale. Uwe na siku nyingi na njema kama za Pesambili, na mwisho wake usiletwe na kitu kingine ila uzee. Na mgeni yule uliyemtoa Kivinje asiijue kamwe njia ya kwako.